Tangi limejaa majani, sasa mkasi unaanzia wapi?

Wiki iliyopita kijana mmoja wa mtaani kwetu kanionyesha picha ya tangi lake kwenye simu. Juu limefunga kijani mpaka samaki hawaonekani, chini vijiti vitupu vyeusi vimesimama kama mabua baada ya mavuno, halafu ananiuliza "kaka, hapa niweke mbolea gani?" Nikamwambia hapo mbolea haina kazi, hapo panataka mkasi. Akaniangalia kama nimemtukana, manake ile mimea kaihangaikia miezi minne, kainunua kwa hela yake, leo mtu anamwambia akate.

Namuelewa, mi mwenyewe nilikuwa hivyohivyo, naona huruma hata kutoa jani moja. Lakini ukweli ni kwamba tangi lililopandwa mimea mingi halikai vizuri kwa kupanda tu, linakaa vizuri kwa kukatwa, na anayeogopa kukata ndo anayeishia kuwa na vijiti.

Kwa wageni wa haya mambo, hapa siongelei lile tangi lenye majani ya plastiki na mzamiaji anayetoa mapovu. Naongelea tangi la maji baridi ambalo mimea ndo wenye nyumba, samaki ni wapangaji. Aliyeutangaza sana huu mtindo duniani ni Mjapani mmoja wa Niigata, Takashi Amano, mpiga picha, ambaye alifariki 2015, na mwaka huohuo ndo lilifunguliwa tangi lake kubwa pale Oceanário de Lisboa, Ureno, urefu wake mita 40 na maji lita 160,000. Langu mimi ni la lita 60 na kitu, vioo kakata fundi wa madirisha, sentimita 60 kwa 30 kwa 35. Ukubwa ni mbingu na ardhi ila kazi ya mkasi ni ileile.

Ukianza kusoma habari za hii mimea unakutana na Kilatini mpaka kichwa kinauma, na kila jina linakuja na amri yake, huu kata katikati, ule usiguse, huu fukia, ule ukifukia unaoza. Nilichanganyikiwa muda mrefu, mpaka siku moja namuona mama anapanda matembele uani, anakata mashina, anapunguza majani ya chini, anachomeka ardhini kwa ulalo, nikashtuka, kumbe hii kitu naijua tangu mtoto. Badala ya kukariri majina uliza swali moja tu: huu mmea unakulia wapi? Ile sehemu inayozaa majani mapya ipo kwenye ncha, ipo kwenye shina lililolala, au ipo pale chini katikati? Ukishapata jibu unajua pa kukata, unajua pa kutokata, na unajua jinsi ya kupata mmea wa pili bila kwenda dukani.

Kwa hiyo kichwani mwangu nina koo tatu: ukoo wa matembele, ukoo wa tangawizi, na ukoo wa mgomba. Wapo na wasio na ukoo, nitawagusa mbele.

Ukoo wa matembele

Hawa ndo wengi na ndo wenye fujo. Rotala, Ludwigia, Hygrophila, Limnophila, wote hawa wana shina linalopanda kutafuta taa, kila baada ya sentimita kadhaa pana kifundo, kwenye kifundo pana majani, na kwenye kwapa la kila jani pana kijicho kidogo kimelala. Kinachokua ni ncha ya juu, vile vijicho vingine vipo tu vinasubiri.

Kwa nini vinasubiri? Ncha inatengeneza homoni inaitwa oksini, inashuka na shina kwenda chini, na kazi yake mojawapo ni kuviambia vile vijicho tulieni, mkubwa yupo. Mwaka 1933 Kenneth Thimann na Folke Skoog walilionyesha hili kwa mimea ya jamii ya maharage, walikata ncha wakapaka oksini pale kwenye kidonda na vijicho vikaendelea kulala kama vile ncha bado ipo. Miaka mingi watu wakajua hadithi imeishia hapo, hadi 2014 watafiti wa Australia waliokuwa wanafanyia kazi njegere wakaonyesha kuna kingine kinachotangulia, nacho ni sukari. Ncha ndo mlaji mkubwa wa sukari inayotengenezwa na majani, ukiikata ile sukari inakosa mlaji, inafika kwenye vijicho, na vinaanza kuamka kabla hata oksini haijapungua pale vilipo.

Nimeleta hiyo ya sukari kwa sababu inajibu kitu nilichokuwa nakiona bila kukielewa. Shina lenye afya, lenye majani yanayofanya kazi, ukilikata ndani ya wiki moja linatoa machipukizi mawili, wakati shina lenye njaa ukilikata linakaa tu wiki tatu linakuangalia. Halina sukari ya kuamshia kijicho. Ndo maana kukata mmea mgonjwa ukitegemea utachangamka mara nyingi haifanyi kazi, kwanza ulishe, uone ncha mpya inatoka safi, ndo ukate.

Sasa kukata kwenyewe. Mkasi uwe mkali, mi natumia wa saluni ule mwembamba, manake mkasi butu unaponda shina badala ya kulikata na pale palipopondwa ndo panaanza kuoza. Kata juu kidogo tu ya kifundo, nusu sentimita hivi inatosha, usiache kipande kirefu cha shina kinaning'inia juu ya kifundo kwa sababu kile kipande hakina kijicho, hakitazaa kitu, kitageuka uji mweusi. Na amua urefu kwa kufikiria machipukizi yatakapoanzia. Watu wengi wanakata pale wanapotaka kichaka kiishie, halafu baada ya wiki mbili kichaka kimeshapita juu ya maji tena. Kata chini zaidi ya hapo. Ukitaka kichaka cha sentimita 20, kata kwenye 8 au 10, ile mingine waachie machipukizi wajaze wenyewe, na kwa kuwa kila shina moja linatoa mawili, raundi ya pili unakata mawili unapata manne, baada ya mikato mitatu sehemu iliyokuwa na vijiti sita inakuwa zulia.

Waholanzi ndo mabingwa wa hili. Kwenye matangi yao utakuta mmea wa aina moja umepangwa kama ngazi, mbele mfupi nyuma mrefu, unapanda taratibu kwenda nyuma na jicho linadhani tangi lina kina cha mita mbili, wakati ni mkato tu, kila mstari umekatwa juu kidogo kuliko ulio mbele yake. Nimejaribu. Mara ya kwanza ilitoka kama ngazi za jengo lililokataliwa na manispaa.

Vile vilele ulivyokata usitupe, hivyo ndo mbegu. Chukua kipande cha sentimita 10 hadi 15, toa majani ya kifundo cha chini kabisa, mizizi itatokea hapohapo kwenye kifundo, shika sehemu ya chini kabisa kwa kibano kirefu, zamisha kwenye mchanga kwa ulalo sentimita mbili tatu, achia, kisha toa kibano kwa kukitikisatikisa. Kama vinaelea kila ukigeuka (na vitaelea, vinaudhi balaa, hasa ukiwa umeshapanda thelathini na samaki mmoja mjinga anakuja kuchimbua), acha majani mawili ya chini uyafukie pamoja na shina, yatashika kama nanga. Kila shina lipande peke yake, achana na ile tabia ya kuchomeka fungu zima kama lilivyotoka dukani limefungwa na mpira, katikati ya fungu taa haifiki na maji hayapiti, wa ndani wanaoza na wakioza wanaondoka na wa nje.

Na yale mashina ya chini yaliyobaki? Ukishayakata mara tatu nne yanachoka. Yanakuwa magumu, majani yanayotoka yanakuwa madogo, mwani, ule utando wa kijani, unayashika. Hapo hakuna ujanja, ng'oa yote, panda vilele vipya mahali palepale. Ni kama shamba la matembele tu, hakuna mtu anavuna mashina yaleyale miaka mitano.

Siku niliyonyoa tangi zima

Hapa naomba nikae kidogo manake hili kosa limenigharimu. Jumamosi moja nilikuwa natarajia wageni, nikaona tangi limekuwa pori, nikaingia na mkasi asubuhi nikanyoa karibu robo tatu ya kila kitu. Lilipendeza hasa. Lilipendeza siku nne. Siku ya tano vioo vikaanza kushika utelezi, siku ya nane nyuzi za kijani zimetanda juu ya kila jani lililobaki kama nywele, mpaka wiki ya pili maji yenyewe yanaelekea rangi ya mlenda.

Kilichotokea ni hesabu rahisi. Samaki wanatoa amonia, chakula kinachobaki kinaoza kinatoa amonia, na mimea ya majini mingi inapenda kuila hiyo amonia, ikiwa kwenye hali ya amoniamu, kuliko hata naitreti. Kwa hiyo lile pori lilikuwa linafanya kazi ya filta ya pili. Mi nimeondoa robo tatu ya walaji kwa saa moja, samaki ni walewale, chakula ni kilekile, na taa ambayo ilikuwa inanyonywa na majani sasa inapiga maji matupu masaa yaleyale nane. Chakula kipo, mwanga upo, mlaji hayupo. Mwani haujaalikwa lakini umekuta meza imeandaliwa.

Tangu siku hiyo sizidi theluthi moja kwa mara moja. Nakata upande wa kushoto wiki hii, wa kulia wiki ijayo, na siku ya kukata nabadilisha nusu ya maji kwa sababu mashina yaliyokatwa yanavujisha majimaji yake, naokota vipande vyote kwa kichujio cha chai, naangalia mdomo wa filta haujazibwa, halafu taa napunguza masaa mawili kwa siku nne tano mpaka nione vijicho vimeamka. Wageni nao siku hizi wanakuta pori, wazoee.

Upande wa pili wa shilingi ni yule kijana wa vijiti. Yeye hajakata kabisa, vilele vikafika juu vikalala juu ya maji vikafunga kama paa, chini giza, na jani lililo gizani linapumua lakini halitengenezi kitu, linakuwa mzigo, mmea unanyonya kilichomo ndani yake unalidondosha. Halafu maji hayazunguki, usiku ndo mbaya zaidi, manake taa ikizima mimea yote inaacha kutoa oksijeni inabaki kuitumia tu, kama samaki. Maji ya nyuzijoto 25 yanaweza kubeba oksijeni kama miligramu 8 kwa lita, ya nyuzi 30 yanabeba kama 7 na nusu, na sisi wa Dar mwezi wa pili tangi linafika hizo 30 bila hita. Umeme ukikatika usiku filta ikasimama, lile pori linashindana na samaki hewa. Ukikuta samaki alfajiri wapo juu wanahema na mchana wako poa, kata majani kabla hujanunua dawa.

Ukoo wa tangawizi

Hawa ni wapole. Anubias, jimbi la Java (jimbi hapa ni kangaga, siyo lile la kula), na jimbi letu la Afrika linaitwa Bolbitis heudelotii. Ukiangalia chini utaona shina nene limelala, linatambaa, mizizi inashuka chini, majani yanapanda juu, sawasawa na kipande cha tangawizi kilichoanza kuchipua jikoni. Hilo shina ndo mmea wenyewe, linakulia kwenye ncha yake ya mbele, na ndo maana halitakiwi kufukiwa. Likifunikwa na mchanga linaoza, na hii ndo sababu kubwa ya watu kuua Anubias halafu kusema ni mmea mgumu. Mfunge kwenye jiwe au gogo kwa uzi wa kushonea, au bandika kwa supagluu ile ya kawaida tu, tone moja, subiri kidogo, rudisha majini, mizizi itashika yenyewe.

Hapa mkasi haukati majani katikati. Ukikata jani nusu, ile nusu iliyobaki haikui tena, inabaki kilema, kwa hiyo jani baya litoe kuanzia kwenye kikonyo, karibu na shina. Ukitaka kuzalisha, chukua wembe, kata lile shina vipande, kila kipande kibaki na majani matatu manne na mizizi yake. Kipande cha mbele kitaendelea na safari kama hakijasikia kitu, cha nyuma kitafungua kijicho kipya pembeni. Lakini punguza haraka, Anubias akiwa na raha anatoa jani moja kwa wiki tatu hivi, ukimkata leo usimchungulie kesho. Na kwa sababu jani lake linakaa miezi mingi mwani unapata muda wa kulikalia, kwa hiyo muweke kwenye kivuli, chini ya wale wa ukoo wa matembele. Hata jina lake linatokana na Anubis, mungu wa wafu wa Misri ya kale, ndo ujue anavyopenda giza. Kinachonichekesha ni kwamba huyu kwao ni Afrika ya magharibi na kati, Kameruni huko, lakini kipande tunachonunua sisi kimeoteshwa kwenye vitalu vya Asia au Ulaya, kikapanda ndege, kikarudi bara lake kwa bei ya kilo kadhaa za nyama.

Jimbi la Java lina mchezo mwingine, jani kuukuu linatoa madoadoa meusi nyuma, mtu anadhani ugonjwa, kumbe kwenye ncha na kingo zake vinatoka vijimbi vidogo na vimizizi vyake. Viache vifike sentimita tatu nne, vitoe kwa vidole, bandika kwenye jiwe.

Ukoo wa mgomba

Vallisneria, Cryptocoryne, na ule wa Amazoni wenye majani kama panga, Echinodorus. Hawa majani yote yanatokea sehemu moja katikati chini, kama mgomba mchanga. Huwezi kuwafupisha kwa kukata juu kama matembele, hakuna kijicho kwenye jani, na ukizika ile sehemu ya katikati umeuziba mdomo wa mmea. Unatoa majani ya nje, yaliyozeeka, kuanzia chini kabisa.

Kuzaa wanazaa wenyewe. Vallisneria anatuma kamba chini ya mchanga kama ukoka, kila baada ya sentimita chache anatoka mtoto, mtoto naye anatuma kamba yake, baada ya miezi mitatu ukuta wote wa nyuma ni wake. Mtoto akifikisha majani manne matano na mizizi yake, kata kamba, hamisha. Echinodorus anatoa bua refu la maua, na chini ya maji badala ya maua mara nyingi unapata watoto kwenye kila kifundo cha bua. Cryptocoryne yeye ana hasira, ukimhamisha au ukabadilisha kitu kwa ghafla anayeyusha majani yote yanakuwa kamasi. Usimng'oe! Mizizi ipo hai, subiri wiki tatu nne atarudi. Hilo la kuyeyuka linawapata hata wa dukani wa koo zote, kwa sababu vitalu vingi vinawakuza nje ya maji kwenye unyevu, jani la hewani ni nene lina nta, likizamishwa haliwezi kazi, mmea unalitupa unatengeneza jembamba la majini. Angalia ncha mpya, majani ya zamani yasikutie presha.

Nampenda Vallisneria kwa sababu nyingine. Ziwa Tanganyika lina yake ya asili, kwenye maji yale magumu yenye alikali, na hii inawezekana kwa sababu anaweza kuchukua kaboni kutoka kwenye baikaboneti iliyoyeyuka majini, wakati mimea kama Rotala inategemea hewa ukaa yenyewe. Kama maji yako ni ya kisima cha pwani, magumu na yana chumvichumvi, anza na huyu kabla hujalia kwamba Rotala wanakataa.

Wanarudi vipi baada ya kukatwa

Mmea unahitaji mwanga, hewa ukaa na chakula, na utakua kwa kiwango cha kile kilicho kidogo kuliko vyote. Ukiwa na unga debe zima na sufuria ndogo, ugali utakaopika ni wa sufuria. Kuongeza taa wakati hewa ukaa hakuna ni kuongeza unga. Na majini hewa ukaa ndo inakuwaga sufuria, inasambaa polepole mara elfu kumi kuliko hewani, na maji yaliyokaa tu yana kama nusu miligramu kwa lita, wakati wanaotumia mtungi wa hewa ukaa wanalenga 20 hadi 30. Mi sina mtungi, hewa ukaa naitengeneza mwenyewe kwa chupa ya lita moja na nusu yenye maji, sukari vikombe viwili, hamira robo kijiko cha chai, na mpira mwembamba unaopitia chupa nyingine ndogo yenye maji ili povu la hamira lisiingie kwa samaki. Kwa joto letu inachemka haraka inakata baada ya wiki moja hivi, na haizimwi usiku, hewa ukaa inaweza kuwazidi samaki, kwa hiyo tangi dogo sana usijaribu. Kama hutaki hizo pilika, taa iwe ya wastani masaa sita hadi nane kwa taima, upande ukoo wa tangawizi na wa mgomba kwa wingi, utaishi kwa amani.

Upande wa chakula, angalia ni jani gani linaumwa. Naitrojeni na potasiamu mmea unaweza kuzihamisha, zikipungua unavua jani kuukuu unamvisha mtoto, kwa hiyo majani ya chini ndo yanageuka njano au, ikiwa ni potasiamu, yanatoboka vitundu vidogo kama yamechomwa na sindano. Chuma hakihamishiki, kikikosekana ni ncha mpya inayotoka nyeupe nyeupe wakati ya chini yako kijani. Chakula cha samaki kinaleta naitrojeni na fosforasi, potasiamu mara nyingi ndo inapelea. Kwenye duka la pembejeo ulizia naitreti ya potasiamu wanayotumia watu wa umwagiliaji wa matone, gramu moja kwenye lita 60 inakupa kama miligramu 10 za naitreti na 6 za potasiamu kwa lita, mi naweka hivyo mara moja kwa wiki baada ya kubadilisha maji. Urea, DAP na CAN acha shambani, zina au zinageuka amonia, na kwenye maji ya joto yenye alikali amonia ndo inaua samaki.

Wa bure, na wa kutupa

Wasio na ukoo niliowasema ni kama Ceratophyllum, hana mizizi kabisa, vunja popote kila kipande ni mmea, na yupo mpaka Ziwa Victoria na Naivasha. Wengi wanamchukua bwawani bure. Hapo tahadhari, konokono wanaobeba kichocho wanakaa kwenye majani hayohayo, na konokono aliyeambukizwa anaendelea kutoa vimelea hata ndani ya tangi lako sebuleni. Usichukue mahali watu wanapooga na kufulia, vaa glavu, na ukifika nyumbani loweka kwenye ndoo yenye shabu, kijiko kikubwa kimoja kwa lita nne, siku mbili tatu, suuza, kagua mayai yale ya utomvu chini ya majani. Mimea laini inaweza kuungua kidogo, itapona.

Halafu mabaki. Ukikata kila wiki unapata ndoo, na mtaro upo hapo nje unakuita. Usimwage. Gugumaji lilianza kuonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, kwao ni Amerika ya Kusini, duniani lilisambazwa kama pambo kwa sababu ya lile ua lake la zambarau, na miaka ya 1990 mitumbwi ilikuwa inashindwa kutoka ufukweni. Vitu tunavyofuga kwenye matangi vingi vina tabia hiyohiyo ya kipande kimoja kuwa kumi.

Vyangu navigawa mara mbili. Vilele vizuri vinakaa kwenye beseni barazani, vinaelea, vinatoa mizizi vikiwa hapohapo, na yule kijana wa vijiti kashachukua fungu la Rotala na vipande viwili vya Anubias kwenye chupa ya maji ya kunywa iliyokatwa shingo. Vilivyobaki naanika juani siku mbili mpaka vikauke kabisa, vinaenda kwenye shina la mgomba wa jirani, ambaye bado anadhani nafuga mchicha.